Mweya Walipima Viboko

Rasi ya Mweya imekaa pale Mkondo wa Kazinga unapokutana na Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda. Watalii wanaijua kwa hoteli yake na mashua za alasiri. Wanabiolojia wanaijua kwa kituo cha utafiti kilichofunguliwa hapo mwaka 1961 kwa fedha za Nuffield Foundation ya Uingereza, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Richard Laws. Wakati huo viboko walikuwa wamezidi, nyasi za ufukweni zimekwanguliwa hadi udongo mtupu, na wakuu wa hifadhi walikuwa wameamua kuwapunguza kwa bunduki. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960 maelfu waliangushwa, na mizoga yao ikawa darasa. Walipimwa uzito na urefu, meno yakachunguzwa ili umri wao ujulikane, mimba zikahesabiwa. Baada ya viboko ikaja zamu ya tembo. Kwa miaka kadhaa hapakuwa na mahali pengi barani Afrika ambapo miili mikubwa ilijulikana kwa undani kama pale Mweya.

Ukitoka Mweya kwa gari, baada ya mwendo mfupi unafika Katwe, kwenye ziwa la kreta ambalo watu wamechimba chumvi kwa vizazi. Wanaume huingia kwenye maji ya chumvi hadi kiunoni, wakashika mtaimbo, wakabandua mabamba ya chumvi sakafuni mwa ziwa, wakayapakia kwenye chelezo cha magogo na kukisukuma hadi ukingoni. Wanawake wengi hufanya kazi kwenye vidimbwi vilivyogawanywa kwa kuta za udongo, wamejiinamia, jua la ikweta mgongoni. Maji yale yakikutana na mchubuko mdogo hukufanya uone nyota mchana. Ngozi hupasuka, macho huwasha, na wafanyakazi wamebuni kinga zao wenyewe, wanaume wakivaa kondomu, wanawake wakijipaka unga sehemu za siri. Kituo cha Mweya hakikuundwa kuwapima hawa. Jina lake lilikuwa kituo cha ikolojia ya wanyama, na mipaka ya jina hilo ilizingatiwa.

Silaumu. Mtu aliyetumwa kuhesabu viboko ahesabu viboko. Lakini ukaribu wa sehemu hizi mbili unaleta swali linalofaa kuulizwa kama swali la kazi na riziki. Chukua kijana wa wilaya hii ya Kasese, wa Bwera karibu na mpaka wa Kongo au wa Kasese mjini, anayetaka kuufanya mwili wa binadamu ulio kazini kuwa taaluma yake. Asomee fiziolojia ya mazoezi, ajikite kwenye mazoezi yaliyorekebishwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, apate uzamivu, apate uhadhiri, apande ngazi hadi uprofesa. Atapita wapi, na njiani ataambiwa asahau nini? Jibu langu ni kwamba taaluma hii kwetu Afrika Mashariki imejengwa juu ya mwili wa aina moja tu, wa mkimbiaji wa mbio ndefu, na Kasese, ambayo ina miili ya kila namna inayongoja kupimwa, imebaki nje kwa sababu haijatoa mabingwa wa mbio.

Tuanze na taaluma yenyewe, kwa ufupi. Fiziolojia ya mazoezi inauliza mwili unafanyaje unapotumia nguvu: moyo unapiga mara ngapi, misuli inachukua oksijeni kiasi gani, joto linatoka vipi, uchovu unatoka wapi. Mwingereza A. V. Hill alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi yake juu ya joto la misuli, na wazo la kwamba kila mtu ana kikomo chake cha kutumia oksijeni lilikua kutokana na utafiti wa miaka hiyo. Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na maabara ya uchovu kuanzia 1927 hadi 1947, na humo ndimo kilimozaliwa kipimo cha kupanda na kushuka ngazi ambacho hadi leo mwalimu yeyote anaweza kukifanya akiwa na benchi na saa. Tawi la pili, la mazoezi yaliyorekebishwa, lina asili tofauti. Daktari Ludwig Guttmann, mkimbizi kutoka Ujerumani, aliwapanga wagonjwa wake wa uti wa mgongo kwenye mashindano ya upinde katika hospitali ya Stoke Mandeville mwezi Julai 1948, siku ileile Olimpiki ya London ilipofunguliwa. Mwaka 1960 wazo hilo likafika Roma, na baadaye likapewa jina la Paralimpiki. Wasomi wa fani hiyo waliunda shirikisho lao la kimataifa huko Québec mwaka 1973, na jarida lao kuu likaanza kutoka 1984.

Matawi haya mawili yalipaswa kukutana, na huko Ulaya na Marekani yalikutana. Kwetu lilikuja moja, na lilikuja likimfuata mkimbiaji.

Mwaka 1990 Bengt Saltin, mwanafiziolojia wa Uswidi aliyekuwa na jina kubwa kuliko karibu wote wa kizazi chake, aliongoza kikosi hadi Iten, Kenya, akitaka kujua kwa nini vijana wa Bonde la Ufa wanawaacha wenzao wa Skandinavia nyuma. Matokeo yalichapishwa 1995. Kikomo cha oksijeni cha Wakenya bora hakikuwa juu ya kile cha Waskandinavia bora. Tofauti ilikuwa kwenye matumizi: kwa kasi ileile Mkenya alitumia oksijeni kidogo zaidi, na damu yake ilichelewa kuonyesha dalili za uchovu. Watafiti wa Denmark waliofuata walitazama miguu na kuona kwamba mashafu membamba na mepesi yanapunguza gharama ya kila hatua. Kisha akaja Yannis Pitsiladis kutoka Glasgow na sampuli za vinasaba, akitafuta jeni la ushindi, na jeni hilo halikupatikana.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu katika kazi ya Pitsiladis wamo Wakenya wawili ambao maisha yao ya kitaaluma yanaonyesha njia hii inavyopita. Mike Boit alichukua shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972. Michezo ya Olimpiki ya 1976 na 1980 ilimpita kwa sababu ya kususia kwa serikali yake, mambo ambayo mwanariadha hana sauti nayo, ingawa dhahabu ya Jumuiya ya Madola aliipata Edmonton mwaka 1978. Alisoma Marekani, kisha akarudi kufundisha sayansi ya mazoezi na michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwili wake ulikuwa umempa tiketi ya kwenda darasani. Vincent Onywera, wa chuo hichohicho, aliingia kwa mlango wa utafiti. Mwaka 2006 yeye, Boit, Pitsiladis na Robert Scott walichapisha uchunguzi wa mamia ya wakimbiaji wa Kenya, wakiwauliza walikozaliwa, lugha ya nyumbani, na walivyokuwa wakienda shule. Wakimbiaji wa kimataifa walikuwa wengi zaidi kutoka jamii chache za Bonde la Ufa, na wengi zaidi kati yao walikuwa wamekwenda shule kwa kukimbia, tena mbali. Baadaye Onywera aligeuza macho kwa watoto wa kawaida: jinsi mtoto wa Nairobi anavyonenepa na kukaa tu, wakati mwenzake wa kijijini bado anatembea. Nadhani hilo ndilo geuko muhimu zaidi katika taaluma hii kwetu. Kutoka kwa mshindi kwenda kwa mtoto yeyote. Fedha na sifa, hata hivyo, bado ziko kwa mshindi.

Uganda ilifuata mkondo uleule kwa kuchelewa. Joshua Cheptegei wa Kapchorwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 mjini Monaco tarehe 14 Agosti 2020 kwa dakika 12 na sekunde 35.36, na ya mita 10,000 mwezi Oktoba mwaka huohuo huko Valencia. Macho ya wapimaji yakahamia Mlima Elgon. Rwenzori, mlima ulio juu ya Kasese, wenye kilele cha Margherita cha mita 5,109, ambako hewa ina karibu nusu ya shinikizo la usawa wa bahari, haukumvutia mtu kwa sababu hiyo. Wakonzo, wenyeji wake, wanapanda mlima huo wakiwa na mizigo ya wageni tangu msafara wa Duke wa Abruzzi mwaka 1906. Hawashindani na mtu, kwa hiyo hawana medali. Tangu 2022 kuna mbio za Rwenzori za kila mwaka zinazoanzia Kasese, zilizoanzishwa na mfanyabiashara wa utalii Amos Wekesa, na huenda siku moja zikamtoa bingwa. Akitokea, ninaamini mashine ya kupima pumzi itafika wiki ya pili.

Na hapa kuna kichekesho, kwa sababu utafiti wa fiziolojia uliofanywa Afrika Mashariki ambao ninauona kuwa wa kufikirisha zaidi kuliko wote haukumhusu mkimbiaji hata mmoja. Ulihusu wanawake waliobeba mizigo. Geoffrey Maloiy, profesa wa fiziolojia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Norman Heglund na C. Richard Taylor na wenzao, waliwapima wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 1986. Hadi mzigo wa asilimia 20 ya uzito wa mwili, wanawake hao hawakutumia oksijeni zaidi ya walipotembea mikono mitupu. Mwanajeshi mwenye shanta mgongoni hulipia kila kilo. Heglund aliendelea na hoja hiyo hadi Nepal, na mwaka 2005 kundi lake likaonyesha kwamba wapagazi wa huko, nao wakitumia ukanda wa paji la uso, wanabeba mizigo inayokaribia uzito wao wenyewe kwa gharama ndogo kuliko Mzungu yeyote aliyepimwa.

Mtu wa Bwera akisoma hayo hatashangaa, ila atauliza mbona hawakuja kwetu. Ukanda wa paji la uso ndio huo ambao mama wa Kikonzo na mama wa Kinande ng'ambo ya mpaka huutumia kuteremsha kuni, mihogo na kahawa kutoka milimani. Kichwa kinainama kidogo mbele, mikono inashika ukanda karibu na masikio au imefungwa kifuani, hatua ni fupi, na mguu unatafuta jiwe kabla ya uzito kuhamia. Mlima una mteremko ambao barabara ya maabara haina. Je, akiba ile ya nguvu iliyoonekana kwenye tambarare inabaki kwenye mteremko wa Kyondo au Kyarumba? Hilo ni swali la uzamivu mzima, na haliwezi kujibiwa Glasgow. Tena lina ubishi wake tayari: mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake waliwapima wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini na hawakuiona nafuu hiyo kwa wote, walichoona ni tofauti kubwa kati ya mtu na mtu, na malalamiko ya shingo. Kupungua kwa oksijeni hakumaanishi kupungua kwa maumivu. Mwanafiziolojia anayetoka kwenye jamii inayobeba angelijua hilo kabla ya kuwasha mashine, kwa sababu amemwona bibi yake.

Kuna takwimu moja inayopendwa sana na inayofaa kushughulikiwa kwa makini. Mwaka 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walichapisha katika Lancet Global Health hesabu za watu wasiofanya shughuli za mwili za kutosha katika nchi 168. Kwa dunia nzima ilikuwa zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne. Kuwait ilikuwa mkiani, ikiwa na asilimia 67. Uganda iliongoza kwa uzuri: asilimia 5.5 tu. Magazeti yalifurahi, na hata sasa ukiomba fedha za kufundisha mazoezi vijijini unaweza kujibiwa kwamba Waganda hawana tatizo hilo.

Hesabu hiyo ilitoka kwenye dodoso, na dodoso linajumlisha kila kitu: kulima, kubeba maji, kutembea sokoni, kucheza mpira. Mtu wa Katwe anayebandua chumvi tangu alfajiri anahesabiwa kuwa mwenye afya ya mazoezi kuliko karani anayekimbia jioni. Watafiti wa afya ya kazini wa Denmark, Andreas Holtermann akiwa mbele, wamebishana na dhana hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Wanasema mazoezi ya hiari na kazi ngumu ya kulazimika havina matokeo sawa kwa moyo. Anayekimbia kwa hiari anapumzika akichoka. Anayebeba kwa ujira anaongeza saa akichoka. Mapigo ya moyo yakikaa juu siku nzima na shinikizo la damu likakaa juu nayo, mwili haujengeki, unachakaa. Bado ubishi huo haujaisha, lakini sehemu kubwa ya ushahidi wake imekusanywa kwa wasafishaji na wajenzi wa Ulaya. Kasese ina wachimba chumvi, ina wapagazi, ina wazee waliofanya kazi katika mgodi wa shaba wa Kilembe hadi ulipofungwa mwaka 1982. Kama kuna mahali ambapo mashaka hayo yanaweza kupimwa kwa haki, ni hapa.

Na katika asilimia 5.5 ile, mtu mwenye ulemavu yuko wapi? Sensa ya Uganda ya 2014 iliwahesabu kuwa asilimia 12.4 ya watu wa umri wa miaka miwili na zaidi. Dodoso la mazoezi halimuulizi mtu anayejivuta kwa mikono ametumia nguvu kiasi gani kufika chooni. Kwa hesabu ya dodoso hajafanya kitu. Kwa hesabu ya moyo wake amefanya kazi ya mpagazi.

Kasese ina sababu zake za ulemavu, juu ya zile za kila mahali. Polio iliwakumba waliozaliwa kabla ya chanjo kuenea. Bodaboda zinavunja miguu na migongo ya vijana kila wiki. Lakini tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF waliushambulia mji wa mpakani wa Mpondwe, na kwa miaka iliyofuata mabomu ya ardhini yalitegwa kwenye njia za Rwenzori, zile za kwenda shambani na kuchota maji. Uganda ilitangaza kwamba imemaliza kuyaondoa mwaka 2012. Miguu haikurudi. Waathirika wa Kasese walijiunga pamoja katika chama chao, na madai yao kwa miaka mingi yamekuwa yaleyale: mguu wa bandia, nauli ya kuufuata, na mtaji.

Nauli si jambo dogo. Karakana ya viungo bandia ya hospitali ya rufaa ya Buhinga iko Fort Portal, zaidi ya kilomita 100 kutoka Bwera, na mguu wa bandia hutaka kurekebishwa kila kisiki kinapobadilika umbo. Mafundi wengi wa viungo wa kanda hii walipitia chuo cha TATCOT, kilichoanza 1981 kando ya hospitali ya KCMC mjini Moshi, na ujuzi wao ni wa hali ya juu. Wanachokosa ni takwimu za mlima. Tafiti za Marekani za tangu miaka ya 1970 zimeonyesha jambo la ajabu kidogo: mtu aliyekatwa mguu chini ya goti hapumui kwa kasi zaidi anapotembea kwa hiari yake, anapunguza mwendo hadi gharama kwa dakika ifanane na ya mtu mwenye miguu miwili. Analipa kwa muda. Aliyekatwa juu ya goti analipa zaidi, na anayetembea kwa magongo bila mguu wa bandia analipa kuliko wote. Hesabu hizo zilifanywa kwenye njia tambarare. Mkulima wa kahawa ambaye shamba lake liko saa nzima juu ya nyumba hana tambarare. Akipunguza mwendo hadi mwili wake ukubali, atafika jua likiwa kali, na atarudi giza likiwa limeingia. Kwa hiyo wengi huacha shamba la juu, na familia inapoteza zao la fedha. Hapo fiziolojia imegusa bei ya kahawa, lakini hakuna aliyeiandika kama fiziolojia.

Sasa tushuke mpakani. Mpondwe ya Uganda na Kasindi ya Kongo zinatazamana juu ya Mto Lhubiriha, na siku ya soko Kiswahili kinavuka daraja mara nyingi kuliko magari. Kati ya wabebaji wapo wanaokuja kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Ukiisogelea mojawapo utaona ni kazi ya fundi wa kuchomelea wa mtaani: fremu ya mabomba na nondo, gurudumu la mbele kutoka baiskeli ya kawaida, pedeli zimepandishwa hadi usawa wa kifua, mnyororo unashuka hadi kwenye ekseli, na chini ya kiti kuna chaga ya bidhaa. Mwenyewe ana mabega mapana kama milango na mikono yenye sugu. Nyuma kuna kijana anayesukuma kwenye mwinuko na kuning'inia kwenye mteremko, ndiye breki.

Biashara ya namna hii imechunguzwa vizuri katika mpaka mwingine, Busia, na Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda, ambao mwaka 2007 waliandika jinsi baiskeli hizo zilivyowapa wanaume na wanawake waliopooza riziki na heshima, forodha ikiwatazama kwa jicho la upole. Wale ni wanaanthropolojia, na walichoona ni uchumi na utu. Mwanafiziolojia angeona jambo la kuongezea. Kiti cha magurudumu cha hospitali, kile kinachosukumwa kwa kushika ringi, ni chombo kibovu kwa kipimo cha nguvu: tafiti za Lucas van der Woude huko Uholanzi zinaonyesha kwamba kama sehemu ya kumi ya nguvu anayotumia mtu, au pungufu, ndiyo inayogeuka kuwa mwendo. Pedeli za mikono ni bora waziwazi, na hazichakazi bega upesi. Fundi wa mtaani, bila kusoma kitu, amechagua mtambo ulio sahihi. Wafadhili, pamoja na maabara walizonazo, mara nyingi huleta kile kisichofaa, kimepakwa nikeli, na picha inapigwa siku ya kukabidhi.

Linabaki suala la joto, ambalo Kasese linauma kuliko Iten. Mtu aliyeumia uti wa mgongo hatoki jasho vizuri chini ya jeraha. Jeraha likiwa juu ya pingili ya sita ya kifua, hata moyo haupati amri kamili ya kuongeza kasi, na mapigo yake ya juu kabisa yanaweza kuishia 110 au 130 wakati mwenzake wa umri huo anafika 190. Kumwambia afanye mazoezi hadi mapigo fulani, kama vitabu vinavyoagiza, ni kumwambia afanye kisichowezekana. Ndiyo maana elimu ya mazoezi yaliyorekebishwa ni taaluma kamili, na haitoshi kumpa mwalimu wa michezo moyo wa huruma.

Kwa hiyo kijana wetu atapita wapi? Kampala, Chuo Kikuu cha Kyambogo kilizaliwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, mojawapo ikiwa taasisi ya taifa ya elimu maalumu. Ina maana kwamba katika kampasi moja kuna idara ya sayansi ya michezo na kuna wataalamu wa elimu ya watu wenye ulemavu. Kwa karatasi, hakuna mahali Uganda panapofaa zaidi kuanzisha taaluma hii. Kwa vitendo, katika vyuo vyetu vingi mitaala ya pande hizi mbili haisalimiani. Anayesoma misuli hasomi ulemavu, na anayesoma ulemavu anajifunza nukta nundu na lugha ya alama, kisha anapelekwa shuleni. Akitaka vyote viwili pamoja atatafuta ufadhili wa kwenda Leuven, Ubelgiji, ambako shahada ya uzamili ya Ulaya ya mazoezi yaliyorekebishwa imekuwapo tangu 1991. Huko atafundishwa vizuri, juu ya viti vya magurudumu vinavyoteleza kwenye sakafu ya mbao.

Akirudi, bodi ya kupandisha vyeo itahesabu machapisho yake. Chapisho juu ya mkimbiaji wa Kapchorwa litapokelewa na jarida kubwa, kwa sababu mhariri amewahi kusikia habari za Cheptegei. Chapisho juu ya waendesha baiskeli za mikono kumi na wawili wa mpakani litarudishwa likisema sampuli ni ndogo. Na mashine ya kubebeka ya kupima pumzi inagharimu mshahara wa mhadhiri wa miaka kadhaa, hivyo ataipata kwa kushirikiana na mgeni, na mgeni anakuja na swali lake. Sioni ubaya katika ushirikiano. Bila Taylor, Maloiy asingefika Nature, na bila Maloiy, Taylor asingewapata akina mama wale. Kinachouma ni pale anayejua njia za mlimani anapobaki mwenye kukusanya sampuli.

Wengine hawarudi kabisa. Tofiri Kibuuka, Mganda asiyeona, alikuwa kati ya vijana vipofu wa Afrika Mashariki waliopanda Kilimanjaro mwaka 1969. Alikwenda Norway, akajifunza kuteleza kwenye theluji, na mwaka 1976 akaiwakilisha Uganda katika Paralimpiki ya kwanza ya majira ya baridi huko Örnsköldsvik, Uswidi, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Medali zake za baadaye alizichukua akiwa na bendera ya Norway. Huko alikuta makocha na njia za kumwongoza mkimbiaji asiyeona, pamoja na vyuo vinavyofundisha mambo hayo. David Emong alibaki, na alileta fedha ya mita 1,500 kutoka Rio mwaka 2016 na shaba kutoka Tokyo, na Husnah Kukundakwe aliogelea Tokyo akiwa na miaka 14. Wote wawili wamefika huko kwa makocha na wazazi kuliko kwa sayansi.

Chini kabisa ya ngazi hii kuna uwanja wa shule ya msingi. Elimu ya bure ilipoanza mwaka 1997 kwa watoto wanne wa kila familia, serikali ilisema mwenye ulemavu apewe nafasi ya kwanza, na kweli wengi waliingia darasani. Kipindi cha michezo kikifika, mtoto huyo hupewa kazi ya kulinda mashati ya wenzake au kuhesabu mabao. Mwalimu hana nia mbaya. Hajui afanye nini, na anaogopa mtoto ataumia. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2020 ipo, mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Uganda iliuridhia 2008 unataja haki ya michezo kwa jina, na Bunge lina viti vitano vya wawakilishi wao. Hakuna kati ya hivyo kinachomwambia mwalimu wa Bwera afupishe vipi uwanja, abadilishe vipi mpira, au ampe vipi mtoto wa magongo nafasi ya golikipa.

Fort Portal, Kituo cha Kyaninga cha maendeleo ya mtoto, kilichoanza 2014, kimeonyesha kwamba tiba ya viungo inaweza kufuata familia hadi kijijini badala ya kuingoja hospitalini. Utafiti nao unaweza kwenda kwa miguu hiyohiyo. Kipimo cha kutembea dakika sita kinahitaji kamba ya mita 30, saa na daftari; kinatumika duniani kote kwa wagonjwa wa moyo na mapafu, na kinaweza kufanywa nje ya zahanati yoyote ya Kasese, kikarudiwa kwenye mteremko. Saa ya kupima mapigo ya moyo inagharimu kama simu ya kawaida. Ukimvalisha mwendesha baiskeli ya mikono kutoka Bwera hadi darajani na kurudi, na mchimba chumvi wa Katwe zamu nzima, na mama mwenye ukanda kutoka shamba la juu hadi mzani wa kahawa, una data ambayo Leuven haina na Iten haikuwahi kuuliza. Kinachotakiwa baada ya hapo ni bodi ya chuo kukubali kwamba kazi hiyo ni sayansi na kuipa alama za kupandia cheo, na idara mbili za kampasi moja kukubaliana nani atamsimamia mwanafunzi.